Farasi Aliyetembezwa Kichwa Juu

Shamba la Bwana Whitcombe,
Molo
12 Februari 1984

Kwa Mjomba Kiilu,

Pokea salamu zangu, za mke wangu Nzilani na za watoto wote watatu. Sisi ni wazima, kwa maana ya kwamba tunatembea. Mvua imetukataa tangu mwaka jana na nyasi za huku zimekuwa rangi ya gunia. Mama alituandikia kutoka Mwala. Anauliza macho ya kaka yake yanaendeleaje, na kama bado unabisha na binti yako Mbeti kuhusu kwenda hospitali.

Najua barua hii utasomewa na rafiki yako Tobias, kwa hivyo nimsalimu na yeye. Tobias, habari ya nyonga? Msomee mzee polepole, na usiruke kitu.

Sasa jambo lililonikalisha chini. Unamkumbuka Kiveti, yule farasi jike uliyemtunza Nairobi, ukampa jina lenye maana ya mke kwa Kikamba chetu. Bwana Whitcombe alimnunua baada ya ile ajali, akazalishwa huku, akafa mwaka juzi. Mwanawe wa mwisho nimemlea mimi tangu alipodondoka kwenye nyasi. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, nikamwita Wambua. Ana miaka minne sasa. Amekimbia mbio za Nairobi mara sita na ameshinda nne.

Bwana anataka kubakiza dume mmoja tu. Yule wa zamani amezeeka. Ama Wambua awe baba wa farasi wote watakaozaliwa shamba hili, ama ahasiwe, aendelee kukimbia mpaka achoke. Daktari wa mifugo atakuja tarehe thelathini Julai. Na Bwana ameniuliza mimi! Amesema, "Muindi, vitabu nimesoma, lakini wewe ndiye unayeamka naye."

Mjomba, tuko masaisi kumi na wawili wa kutunza farasi hapa. Watoto wa farasi huchukua miaka mitatu kabla hujajua kama wana mbio au wana miguu tu. Nikikosea leo tutajua mwaka wa themanini na nane, na wakati huo shamba halitakuwepo. Nikipatia, nitakuwa msimamizi wa madume, na Nzilani atatoka kwenye chumba kimoja aingie nyumba ya mawe.

Kwa macho yangu hana ila. Kifua kipana, miguu minyofu, kwato nyeusi ngumu. Baada ya mbio namtembeza kichwa juu, kamba fupi, kama ulivyonifunza, na watu wa Nairobi husimama kutazama. Lakini mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Niambie yote uliyoyaona kwa mama yake: miguu, pumzi, tabia. Hata lile dogo.

Mpwa wako,
Muindi


Mowlem, Nairobi
18 Machi 1984

Mpwa wangu Muindi,

Salamu zako zilikaa kwa Tobias siku nne kwa sababu alikuwa na homa. Sasa amepona na amerudi kwenye kiti chake nje ya posta, anawaandikia watu fomu na kujiona waziri. Anasema nyonga yake inajua mvua kuliko redio, na haijasema kitu.

Mwambie dada yangu mtoto wa jicho yuko palepale: amekataa kukua na amekataa kuondoka. Mbeti hajambo. Anatoka alfajiri kwenda kiwandani, anarudi miguu imevimba, na bado ana nguvu za kunigombeza, hiyo ndiyo afya. Vijana wa hapa wananipita wakisema, "Niaje, mzee wa farasi," na farasi mwenyewe hawajamwona ila kwenye kiberiti.

Jumamosi Tobias hunishika mkono tukaenda Kiamaiko. Wachinjaji huniita niwachagulie mbuzi. Naona vivuli tu, lakini mkono unaona. Nashika kiuno, nashuka pajani, naweka sikio ubavuni nisikie pumzi, nasema huyu chukua, huyu achana naye. Sijakosea bado. Muulize Tobias. (Amekosea mara moja. T.)

Haya, dume. Kwanza usimpime kwa vikombe. Nimeona farasi waliojaza kabati la mwenyewe vikombe, wakazaa watoto wa kubeba maji. Simama nyuma yake asubuhi, kabla mwili haujapata joto, umtazame akiondoka. Mguu wa nyuma ufuate njia ya mguu wa mbele, usitupe pembeni. Kisha mwekee shayiri, na akiwa katikati ya kula umpitishe mgeni mlangoni. Akiinua kichwa akamtazama na kurudi kula, ana akili ya kuachia watoto. Akiacha chakula, siku moja ataacha na mbio. Tazama dada zake kuliko kaka zake, maana maji hufuata mkondo. Na umwangalie siku aliyoshindwa. Alirudi bandani vipi, alikula au alinuna? Dume anayenuna simwamini.

Kiveti alikuwa mke mwema. Miguu safi. Tabia yake ilishinda ya wake za watu ninaowajua. Tobias anasema mdomo wake ulikuwa laini, ukigusa hatamu kidogo tu amesikia.

Wasalimie watoto. Mbeti anamtumia Nzilani kitambaa cha kichwa, amekitoa kanisani kwa Mama Selpher anayeshona.

Mjomba wako,
Kiilu


Molo
29 Aprili 1984

Mjomba,

Tumshukuru Mungu, kitambaa kimefika na Nzilani anatamba nacho. Mtoto wa pili alipata surua, amepona. Ng'ombe wa jirani wanne wamekufa kwa njaa. Bwana ameuza farasi jike watatu na masaisi watatu wamerudishwa kwao.

Nimefanya yote uliyosema. Kwa nyuma yuko sawa, mguu kwa mguu. Nilimpitishia Bwana mwenyewe mlangoni wakati wa kula. Alimtazama kidogo, akarudi kwenye ndoo, na Bwana akacheka. Siku aliyoshindwa alikula kama mkwe aliyechinjiwa mbuzi. Dada yake mmoja yuko Nanyuki, naambiwa mwanawe wa kwanza ameanza kukimbia vizuri.

Lakini, Mjomba, ulijaza kurasa mbili juu ya madume wa dunia nzima, na juu ya Kiveti ukaandika mistari mitatu. Wewe! Wewe ambaye ukianza kumsimulia Kiveti chai ilikuwa inapoa.

Niliuliza miguu, pumzi na tabia. Umenijibu miguu na tabia.

Bwana anauliza kwa nini Kiveti alianguka mwaka wa sabini na tatu. Kwenye kitabu imeandikwa alijikwaa. Tobias ndiye joki aliyekuwa juu yake, na yuko hapo ameshika kalamu. Muulize, anijibu yeye mwenyewe.

Tena kuna jambo dogo, pengine si kitu. Wiki jana tulimkimbiza Wambua kwa nguvu. Nikimtembeza, alikohoa mara mbili, kisha akawa anameza, anameza, na hana kitu mdomoni. Wewe umewahi kuona hivyo?

Muindi


Mowlem
27 Mei 1984

Muindi,

Tumepokea. Pole kwa mtoto na pole kwa ng'ombe wa jirani.

Tobias anasema alijikwaa. Alikuwa wa tatu, akaingia kona ya mwisho, mara mbele pakawa chini. Hakumbuki zaidi ya hapo mpaka hospitali. Basi.

Farasi humeza. Hata watu humeza.

Kama unaweza kupata ruhusa siku mbili, njoo Nairobi tuzungumze. Mambo mengine si ya karatasi. Mbeti atakupikia.

Kiilu


Molo
17 Juni 1984

Mjomba wangu,

Salamu. Ruhusa haipatikani. Tumebaki masaisi tisa kwa kazi ya kumi na wawili na kuna majike wawili karibu kuzaa. Nimemwomba Bwana mara mbili, amekataa.

Sitaki kukukosea heshima. Wewe ndiye uliyenitoa Mwala nikiwa na miaka kumi na saba sijui kamba inashikwa upande gani. Lakini nimeshindwa kuelewa. Jambo gani hilo ambalo si la karatasi, na karatasi zetu zote husomwa na Tobias ambaye ni kama ndugu?

Sikia, Mjomba. Daktari anakuja tarehe thelathini ya mwezi ujao. Bwana atanigeukia mbele yake, nami lazima nifungue kinywa. Kama hujaniambia kitu mpaka hapo, nitasema ndiyo, abaki dume. Kimya chako nitakichukua kuwa ridhaa. Neno litakuwa langu, lakini litakuwa limetoka kwako.

Mpwa wako,
Muindi


Mowlem
8 Julai 1984

Muindi,

Salamu baadaye. Leo nimemwambia Tobias aandike neno kwa neno, asiulize kitu mpaka nimalize. Ameahidi.

Kiveti alikuwa anatoka damu puani. Haikutoka kwenye mbio wala pale mwishoni wanapopiga makofi. Ilikuja baadaye, kama nusu saa, farasi anaposhusha kichwa kutafuta nyasi. Wakati huo wenye farasi wako juu wanakunywa chai, joki anaoga, daktari ameshaondoka. Bandani ni saisi na mnyama wake tu. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa sabini na mbili, matone matatu. Nikafuta kwa kitambaa changu cha shingoni. Kilikuwa chekundu, hakikuonyesha kitu.

Sheria niliijua. Farasi wa damu anasimamishwa mbio. Na yule Kapteni aliyekuwa na Kiveti kabla ya Bwana wako alikuwa na sheria yake mwenyewe: farasi asiyekimbia hupigwa risasi. Mmoja alipigwa risasi kamba yake ikiwa mkononi mwangu. Nilimpenda Kiveti, Muindi, sina neno lingine. Nilimpenda na nilipenda kusimama kando yake akishinda.

Ndipo nikagundua kwamba nikimtembeza kwa kamba fupi, kichwa juu, damu haishuki. Anaimeza. Watu wakaona wakasifu, tazama saisi wa Kikamba anavyotembeza farasi kwa heshima! Masaisi wengine wakaniiga. Wewe ulipokuja nikakufunza vivyo hivyo, nikakuacha uamini ni adabu ya kazi. Kwa hivyo ukiniambia Wambua hana ila, nauliza, ungeionaje? Mimi ndiye niliyekufunza usiione. Uliponiandikia kwamba anameza, sikulala.

Sasa mwaka wa sabini na tatu. Mbio zilikuwa Jumapili. Jumatano yake, kwenye mazoezi, Kiveti alitoka damu kuliko siku zote, kitambaa kikalowa nikakikamua. Nilijua. Jumapili nikamfunga tandiko. Nikamshika Tobias mguu nikamwinua nikamweka juu, nikamwambia, "Leo ni yenu." Kwenye kona ya mwisho pumzi ilimwisha, magoti yakalegea. Kiveti hakujikwaa.

Mimi Tobias: nimetoka nje kidogo. Nimerudi. Naendelea kuandika anavyosema.

Ningeweza kumngoja Mbeti aandike barua hii, na huyu asijue mpaka tunakufa. Miezi mitano nimeliwaza hilo. Nikaona hiyo itakuwa ni kuinua kichwa tena. Mwaka wa kumi na moja huu tuko pamoja, na sasa ananishika mkono kunivusha barabara, yeye anachechemea, mimi sioni, na watu wanasema tazama wazee wanavyopendana. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi nilificha, akaumbuka mwenzangu.

Fanya hivi. Mkimbize Wambua maili moja kwa nguvu. Kisha legeza kamba. Mwache ashushe kichwa mpaka pua iguse nyasi, ukae naye nusu saa nzima, na ushike kitambaa cheupe. Usifanye mara moja tu, fanya mara tatu. Atakachokuonyesha, kipeleke kwa Bwana. Damu hiyo huenda ikarithiwa na huenda isirithiwe, sina elimu hiyo. Lakini usiseme ndiyo kwa ajili ya kimya changu.

Nimemaliza. Nimemwambia Tobias sasa anaweza kuuliza. Nasikia anatafuta bahasha.

Kiilu

Imeandikwa kama ilivyosemwa. T.


Molo
5 Agosti 1984

Mjomba,

Nakusalimu, na Tobias namsalimu kama yupo. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama bandani, nikaisoma tena nimekaa kwenye majani. Nilikasirika. Nilikasirika siku tatu, nikikusema kila nilipomshika farasi kamba. Nzilani aliniambia, "Umgombeze akiwa hai, ni vizuri, lakini kesho kamkimbize huyo farasi." Basi nikaenda.

Mkono ulikuwa mgumu kulegea. Miaka kumi na zaidi nimeshika kamba fupi. Wambua naye hakuelewa, alinitazama kana kwamba nimemsahau. Halafu akashusha kichwa mpaka chini, akapumua kwa nguvu, vumbi likaruka. Nusu saa. Nilikuwa na nepi ya mtoto, nyeupe, Nzilani aliichemsha. Haikupata kitu.

Mara ya pili, baada ya siku nne, hakuna kitu. Mjomba, niliimba! Nilisema mzee amezeeka, amejitisha bure na akanitisha na mimi.

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na saba. Tulimkimbiza maili moja na robo. Dakika ishirini zikapita, nikaanza kukunja nepi. Ikaja. Kwanza tundu moja, kisha yote mawili, nyembamba, ikadondoka kwenye nyasi kavu.

Nilikuwa peke yangu, na kitambaa mkononi. Nataka ujue hilo. Nikamwona Nzilani kwenye nyumba ya mawe, nikaona wale masaisi tisa. Nikajua pia ilivyokuwa kwako, sikukuelewa mpaka dakika ile. Lilikuwa jambo jepesi sana, kufuta tu.

Sikufuta. Nilimwita Kisilu, mwenzangu, akamlete Bwana upesi, mimi nikabaki nimeshika kamba ikining'inia. Bwana alikuja na slipa. Alisimama akatazama nyasi, akamtazama Wambua, akasema, "Nani alikuambia umlegeze?" Nikasema mjomba wangu. "Na nani alikufunza kumwinua?" Nikasema mjomba wangu. Akamfuta Wambua pua yeye mwenyewe kwa mkono wa shati lake.

Wambua amehasiwa tarehe thelathini. Yuko salama, anakula. Hatakimbia tena kwa sasa, watoto wa Bwana watamtumia kuzunguka shamba. Dume mwingine hakuna. Bwana atakodi wa Nanyuki mwaka huu, mwaka ujao haujulikani. Mimi nimebaki, nyumba ya mawe imebaki tupu. Masaisi wawili zaidi wameondoka, na mmoja wao hakuniaga.

Swali moja. Bahasha yako ya mwisho ilikuwa na mwandiko wa Tobias. Ya kuniambia kwamba umepokea hii, itakuwa na mwandiko wa nani?

Muindi


Mowlem
23 Septemba 1984

Kwa Muindi,

Mwandiko huu ni wa Mbeti, kama unavyoona, na Mbeti anafupisha maneno yangu. Nikisema sentensi tatu anaandika moja, eti kesho ana zamu ya asubuhi. Salamu zako tumezipata. Huku mahindi yameadimika, tunapanga foleni kununua ya manjano, ugali wake una harufu ya gunia lakini tunakula.

Tobias hajaja tangu siku ile. Wiki kumi na moja. Nasikia fimbo yake ikipita, namsalimu, anaitikia salamu, fimbo inaendelea. Kiamaiko sijakwenda. Mchinjaji mmoja wa huko, Lydiah, alimtuma mtu kuniuliza kama nimekufa.

Barua yako Mbeti alinisomea. Nililia, aandike hivyo hivyo asifupishe. Nililia kwa ajili ya nyumba ya mawe na kwa ajili ya ile nepi. Umefanya kazi niliyoshindwa mimi, na sikukufunza mimi.

Jumapili hii baada ya kanisa nilimwomba Mbeti anifikishe mlangoni kwa Tobias, aniache hapo. Nilinyoosha barua yako tu. Aliichukua akaisoma mlangoni, kimoyomoyo, mimi nikisikia karatasi. Nadhani ni pale ulipobaki na kitambaa mkononi, karatasi ikarudi nyuma, akasoma tena. Halafu akaniuliza kitu kimoja, "Siku ile ya tatu, joki aliyekuwa juu ya Wambua yuko salama?"

Nikasema sijui, Muindi hakuandika. Akasema, "Mwambie aandike. Hilo ndilo la kwanza kuandika, siyo nyumba." Kisha akaingia ndani. Nikadhani nimefukuzwa. Nilikuwa nimeanza kupapasa ukuta nirudi aliposema, "Ngoja, natafuta kalamu."

Tobias ameingia na kalamu yake, kwa hivyo hapa Mbeti ameachia. Ameenda kuweka chai.

Mwandiko unaofuata unaujua. Tuko kwangu, mlango uko wazi, na ninasema nikiwa nimekaa upande wake kama zamani. Tujibu kuhusu yule joki. Msalimie Nzilani. Wambua ukimtoa nje, mlegezee kamba, asikumbuke adabu yangu.

Mjomba wako,
Kiilu

Muindi, mimi Tobias. Mzee anataka niongeze hapa chini kwamba nimemsamehe. Hilo sijaliandika. Mengine yote nimeandika, na Jumamosi tunakwenda Kiamaiko.